Tabia nzuri hainunuliwi dola 10



Kuna biashara mpya mu miji yetu. Fungua WhatsApp yako leo asubuhi, utaikuta: «Badilisha maisha yako kwa siku 21.» Kuingia, dola 10. Ukitaka cheti, unaongeza. Kocha amevaa kosti, ameshika mikro, anaambia vijana waamke saa kumi ya usiku, waoge maji baridi, waandike malengo yao mu kaye, kisha mafanikio yatakuja yenyewe. (Maji baridi! Mu kartie zetu, nani iko na maji ya moto?) Na vijana wanalipa. Vijana wenye diplome zimefungwa ndani ya sashe ili mvua isizipige, wanakopa dola 10 kwa yaya yao ili waende kuambiwa kwamba hawana kazi juu hawajui kuamka mapema.

Mama zetu wanaamka saa kumi ya usiku tangu tuzaliwe. Wanapanda Kadutu na mizigo mgongoni, mvua ikinyesha, mtoto akilia. Kama kuamka mapema kungeleta utajiri, hao mama njo wangekuwa wenye majumba ya Muhumba.

Mhubiri wa pili ni Leta. Huko Kinshasa, katika Ofisi ya Rais kabisa, walianzisha kitengo kizima cha «kubadilisha mantalite». Mkubwa anasimama mbele ya kamera, anasema Wakongomani wako na mantalite mbaya, wanatupa uchafu kila fasi, hawapendi inchi yao. Kisha anapanda jipu ya vioo vyeusi na kupita barabara isiyo na hata pipa moja la uchafu, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Huyu hatumjibu sana. Mwenye kushika budjeti ya inchi aanze na mantalite yake, sisi tutamfuata.

Lakini hatuandiki juu ya hao wawili tu. Kuna na wa tatu, na huyu ni wa kwetu. Ni kamarade mwenye akili, anasoma, anajua katiba. Kila mara neno «tabia» likitoka katika mkutano, anainua mkono: «Hayo ni maneno ya makocha. Ukiongea tabia za watu, unaosha mikono ya Leta. Tudai kwanza haki, tabia itafuata.» Nimesikia hoja hii mara nyingi, na inapigiwa makofi. Mimi nasema hoja hii ni mbovu, na inatukosesha umeme.

Ndiyo, umeme. Tuchukue jambo ambalo kila mtu wa Bukavu na wa Goma analijua kwa giza yake.

Maji ya ziwa Kivu yanatoka fasi moja tu: hapa kwetu Bukavu, kwa mto Ruzizi. Chini kidogo njo kuko barage ya Ruzizi I, ile ya wakati wa Wabelgiji, mashini nne, karibu megawati 30 wakati zote ziko zima. Sasa fuata chupa moja. Umekunywa maji Nyawera, umeitupa chini bila hata kufikiri. Inaanguka mu mtaro. Mvua inanyesha, na mji wetu ni milima mitupu, kila mtaro unashuka. Ya upande wa Kadutu inaingia mto Kawa, Kawa unaingia ziwani, na ziwa, pole pole, linasukuma chupa mpaka kwenye mlango wake mmoja wa kutokea. Chupa haina miguu lakini inafika kwenye barage.

Kule inakutana na wenzake. Ni maelfu kwa maelfu, zinafunika maji mpaka unadhani ni uwanja. Wafanyakazi wanazitoa kwa mashua, wanazitoa kwa mikono, na wapiga mbizi wanashuka chini kabisa kutafuta zile zilizoziba njia ya maji. Mashini ikinyimwa maji, inasimamishwa. Ikiumia, inangoja vipuri. Umeme unakatika Kadutu, unakatika Bagira, unakatika Goma ng'ambo ya ziwa. Mwenye kunyoa nywele anafunga salo, mama wa samaki wabichi anatupa samaki, mtoto wa egzeta anasoma na tochi ya telefone. Na sisi tunaingia Facebook, tunaandika kwa herufi kubwa: SNEL, TUPENI UMEME.

SNEL iko na madeni yake kwetu, na tutaendelea kuyahesabu moja moja. Mashini zimezeeka, waya zinaanguka juu ya nyumba, fakture inakuja hata kwa mwezi wa giza. Na Leta vilevile: mwisho wa mwaka 2017 serikali iliweka amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki mu inchi yote. Nenda soko la Kadutu uitafute hiyo amri. Utaikuta imefungwa chumvi ndani.

Lakini hebu tuseme kesho Leta inaamka. Pipa kila avenyu, gari ya uchafu kila asubuhi, amri ya sashe inafuatwa. Sawa. Nani amefundisha mkono wetu kubeba uchafu mpaka kwenye pipa? Juu mu avenyu zetu kuna sheria moja ambayo haikuandikwa fasi yoyote, na watu wanaishika kuliko katiba: kungoja mvua. Nyumba inalimbika uchafu wake siku tatu, siku nne. Mawingu yakifunga, matone ya kwanza yakipiga bati, mtoto anatumwa na beseni: «Kimbia, mwanga mu mutaro, mvua ibebe!» Mtoto wa miaka saba anafanya bila kuuliza. Hakuna konferansi aliyoenda, hakuna kocha aliyemlipa. Ameona mara mia, na sauti ya mvua juu ya bati imekuwa kengele yake. Hakuna somo mu inchi hii linalofundishwa vizuri namna hiyo. Kisha mtu anasimama mu mkutano anatuambia tabia si siasa!

Tabia ni siasa sana, kamarade. Angalia njiani. Polisi wa rulaje anainua mkono, na motari, kabla hajaulizwa kitu, mkono wake umeshaingia mfukoni kutafuta franga. Hakuna aliyetoa amri siku hiyo. Hakuna aliyepigwa. Mwanafunzi anajua bei ya pointi kabla hajajua kozi. Mimi mwenyewe, mwaka jana, nilipeleka dosie ya kazi kwa ofisi moja. Papa aliyekaa mapokezi aliipokea, akaigeuza, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayekupa salamu: «Umekuja mikono mitupu?» Hakuwa na hasira, wala haya. Nilichukua dosie yangu nikatoka, na kazi sijapata mpaka leo. Lakini nilitembea mpaka nyumbani nikifikiri juu ya ile sauti. Huyu papa hakuwa anaiba. Kichwani mwake alikuwa anafanya kazi. Wanaotukula hawahitaji askari kwa kila mwananchi. Wanahitaji tu sisi tuzoee.

Kwa hiyo kamarade wangu mwenye kusema «haki kwanza, tabia itafuata», hiyo tabia itafuata kutoka wapi? Tabia haifuati. Inatengenezwa, siku kwa siku, na mtu fulani, fasi fulani. Kama siye hatuitengenezi, kuna mwingine anaitengeneza kwa faida yake.

Sasa inatengenezwa namna gani? Hapa lazima nirudi kwa uongo wa siku 21, juu unavunja watu moyo. Hesabu hii inatoka kwa Maxwell Maltz, munganga wa Marekani mwenye kupasua na kurekebisha sura za watu. Mwaka 1960 aliandika mu kitabu chake kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku kama 21 kuzoea sura yao mpya. Kuzoea pua, bwana! Pua mpya inakaa usoni yenyewe, huhitaji kuamka kuifanya. Na munganga alisema «angalau». Wauza konferansi walilikata neno hilo, wakalitupa mu mtaro na chupa zao.

Wenye kupima kweli ni watafiti wa University College London, hesabu yao ilitoka mwaka 2010. Walichukua watu 96, kila mmoja akachagua tendo moja dogo, alifanye kila siku baada ya alama ileile: kwa mfano kunywa kikombe cha maji baada ya kula asubuhi. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka tendo lijifanye lenyewe, bila mtu kupigana na moyo wake. Wa haraka, siku 18. Wa taratibu, hesabu ilienda mpaka siku 254. Na jambo linalotufaa kuliko yote: kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyotangulia. Kwa hiyo kijana aliyelipa dola 10, akashindwa siku ya 22, akajiona mvivu, huyo si mvivu. Ameuziwa namba ya pua.

Wazee wataniambia: mtoto, unapoteza wakati na hesabu za Wazungu, mtu mweusi anahitaji fimbo. Watanikumbusha Salongo ya Mobutu, miaka ya 1970, kila mtu na jembe lake, kila mtu na ufagio wake, kwa lazima. Watanionyesha kidole ng'ambo ya Ruzizi, ambako siku ya posho ya mwisho wa mwezi watu wote wanatoka kwa umuganda, na asiyetoka anaweza kulipishwa faini. Ni kweli ng'ambo kunang'aa, kila mwenye macho anaona kutoka hapa. Ila siye fimbo tumeshaijaribu, na mwisho wake tunaujua. Siku ile mkono wa Mobutu ulipolegea, ufagio nao ulianguka. Lilibaki neno tu, Salongo, ambalo kila mtawala analiokota tena akitaka picha. Watu walifundishwa kuogopa, na woga hauoshi mtaro wakati mkubwa hayupo.

Harakati za raia zilijaribu njia nyingine. Burkina Faso, tarehe 31 Oktoba 2014, Blaise Compaoré alikimbia baada ya miaka 27 ya utawala. Kesho yake tu, Balai Citoyen, maana yake ufagio wa raia, iliita watu wafagie Ouagadougou iliyojaa majivu na mawe. Vijana walewale waliokuwa barabarani jana wakipuliziwa gesi, leo wameshika fagio. Hakuna waziri aliyewatuma.

Na kama unafikiri uchafu ni jambo dogo kwa wapiganaji kama sisi, basi acha uchafu, tuongee kutotumia nguvu, kitu tunachokisema mu kila tangazo. Mwaka 1959, mu mji wa Nashville, Marekani, mchungaji James Lawson alianza kuwafundisha wanafunzi weusi waliotaka kukaa kwenye meza za chakula za wazungu. Unajua aliwafundisha namna gani? Kikundi kimoja kilijifanya wabaguzi. Kikawatukana wenzao, kikawapulizia moshi wa sigara usoni, kikawaangusha kutoka kwenye viti. Kisha wakabadilishana. Kisha tena, jioni nyingine, na nyingine, mpaka mwili wenyewe ukajua kutorudisha ngumi. Februari 1960 waliingia mu maduka na kukaa. Walipigwa kweli, walifungwa kweli. Mei 1960 maduka sita ya katikati ya mji yalianza kuwapa weusi chakula mezani. Sasa siye: mtu ambaye hawezi kutuliza mkono wake wakati motari amemgusa kidogo pale Feu Rouge, atautuliza namna gani mbele ya polisi mwenye gesi? Kusoma tangazo la kutotumia nguvu hakutoshi. Inaombwa jioni nyingi.

Mu avenyu yetu, Cimpunda, tulianza watu sita. Tulibishana sana juu ya tendo gani, juu kila mtu alitaka kubadilisha dunia yote siku ya kwanza: mmoja anataka tupande miti, mwingine anataka maktaba. Mwishoni tulichagua kitu kidogo mpaka haya. Kila mtu kwetu anaenda robine asubuhi, hilo halina mjadala, bila bido hakuna kupika. Basi, bido ya kwanza ikitoka nyumbani, chupa na sashe za jana zinatoka nayo. Karibu na robine kuna mama anayeuza mikate, alikubali tumwekee magunia mawili nyuma ya meza yake. Kwisha. Hakuna kuamka saa kumi, hakuna kaye ya malengo. Alama yetu ni bido.

Na tuliweka sharti moja, nalo njo ninaona lina thamani kuliko mengine yote: hakuna kufundisha mtu mwingine kabla hujamaliza siku 66 wewe mwenyewe. Hakuna kwenda kuongea mu masomo, hakuna kupiga picha, hakuna kuandika posti. Miezi miwili unabeba na kunyamaza. Watu walicheka, waliuliza kama tunalipwa na shirika fulani la Wazungu. Mama mmoja alituambia wazi: «Munasafishia Leta. Leta inafanya nini?» Swali zuri, nitarudi kwake.

Kilichotushangaza ni watoto. Hatukuwaambia neno, tulikuwa bado ndani ya siku zetu za kunyamaza. Lakini watoto wako pale robine kuliko sisi, wanaona kila kitu, na walianza wenyewe. Kwanza kwa mchezo, nani analeta chupa nyingi. Kisha ikawa sheria yao. Siku moja nilifika na bido tu, juu nyumbani tulilala njaa na hakukuwa na uchafu wa kubeba, kitoto kimoja kikanisimamisha: «Yaya, sashe zako ziko wapi?» Nikaeleza mbele ya watoto sita kama mtu aliye tribinale. Tangu hapo sihitaji nguvu ya moyo. Naogopa watoto.

Watu wazima ni kazi nyingine. Papa wa nyumba akikemewa na mtoto wakati mvua inaanza, mara nyingine anarudisha beseni ndani, mara nyingine anampiga mtoto kofi. Hapo tulijifunza kutomtuma mtoto kumfundisha mzee. Mzee anaendewa na mzee mwenzake, jioni, na heshima, na hakuna neno «mantalite» mdomoni. Anaombwa kitu kimoja: papa, tunaomba chupa zako, kuna vijana wanazikusanya na kuziuza kwa wenye kutengeneza juisi. Chupa anatoa. Sashe bado zinatushinda, hazina mnunuzi. Tunachanga franga tunawalipa wabeba uchafu, na mwezi mwingine franga hazitoshi. Na avenyu iliyo juu yetu bado inamwaga. Mvua kubwa ikipiga, mtaro wetu unajaa vya kwao. Sitasema Cimpunda imekuwa Ulaya.

Sasa lile swali la mama: Leta inafanya nini? Kila siku ya posho tunahesabu magunia na kuandika mu kaye: tarehe, chupa, sashe, franga tulizolipa. Kaye hiyo njo jibu letu kwake, na kwa kamarade wa «haki kwanza». Zamani tulienda kwa wakubwa wa mji na barua ya hasira, walitupa kiti na fanta, wakatuambia watafuatilia. Barua ya sasa inasema: kwa avenyu moja, kwa wiki hizi, magunia ni haya, gharama ni hizi, tumebeba siye bila mushahara, taksi tunazolipa kwa mji kila mwezi zinabeba nini? Barua ya namna hiyo haijibiwi na fanta. Hatumsafishii mtu. Tunamhesabia.

Neno la mwisho ni juu ya saa, na hapa najua nitachukiwa. Uchaguzi wa 2016 ulicheleweshwa mpaka Desemba 2018. Tuliita «glissement», tuliandamana, vijana waliuawa barabarani juu ya kuchelewa kwa mtu mmoja. Na siye mkutano wa watu 15 tunauweka saa nane, unaanza saa kumi, tunacheka, tunasema saa ya Kongo. Wenye kufika saa nane wanaadhibiwa kwa kungoja. Mara ya tatu nao wanafika saa kumi. Hivyo njo tunavyofundisha, bila kocha. Napendekeza kila kikundi kianze kwa saa yake hata kama wako wawili, na mambo yaliyoamuliwa na wawili yasifunguliwe tena kwa mwenye kuchelewa. Jaribuni siku 66 kabla ya kunitukana.

Mwenye kutaka kuanza mu avenyu yake, achague tendo moja na alama moja ambayo tayari iko mu siku yake: bido, adhana, kengele ya misa, kufungua duka. Aandike tarehe ukutani. Atafute wengine watatu. Asituandikie leo, atuandikie akimaliza, atuambie nini kilishindikana.

Siye wa Cimpunda tunahesabu magunia kila siku ya posho, saa 12 na nusu ya asubuhi, karibu na robine. Kuja na glavu kama unazo. Saa 12 na dakika 35 tutakuwa tumeshaanza.